Adhuhuri Isiyo na Parapanda

Kila adhuhuri Hester Tolliver alipanda ngazi, akafungua dirisha la juu, akapuliza parapanda ya bati kuwaita watu chakula. Na kila adhuhuri alipuliza kupita kiasi.

Watu weusi wa bonde lile walikuwa na utaratibu wao, na ulijulikana kwa kila mtu kama anavyojua jina la mama yake. Parapanda ya adhuhuri ilikuwa pumzi moja tu, kisha inatundikwa ukutani. Maana yake maharage yameiva, tokeni mashambani. Lakini parapanda inayolia bila kukoma ilikuwa na maana nyingine. Wawindaji wa watu wamevuka mpaka kutoka Maryland, jimbo la utumwa, na kila mwenye masikio aje na chochote kilichomo mkononi mwake. Nyumba ya Hester ilikaa juu ya kilima kuliko zote, ndiyo maana parapanda ilikaa kwake.

Mumewe, Isham, alikuwa mkata kuni katika msitu ng'ambo ya kijito. Hester alipopuliza, Isham alijibu kwa kelele, "Nimesikia, mke wangu!" na watu shambani wakacheka, maana ilikuwa aibu tamu kusikia mtu mzima akimpigia mkewe ukelele wa mapenzi bonde zima. Kisha siku moja ya baridi kali, alijibu kama kawaida, na sauti ikakatika katikati kama uzi uliopitishwa kisu. Hester alidhani amejikwaa. Akatundika parapanda, akashuka kupakua. Baadaye walikuta shoka limeganda kwenye mti, na theluji imevurugwa na kwato za farasi.

Tangu siku hiyo pumzi moja haikumtosha. Alipuliza, akavuta pumzi, akapuliza tena, akingoja ile nusu ya sauti iliyobaki. Mara nyingine ilikuja. Ilitoka msituni, ya chini, kama ya mtu anayesema huku amekupa mgongo, na ilikoma pale alipokoma yeye. Hakumwambia mtu. Alijua wangesema ni mwangwi, na hakutaka kuambiwa hivyo.

Mwanzoni watu walikuja mbio wakiwa na mapanga. Walimkuta dirishani, macho yake msituni, hakuna mwindaji wala kivuli cha mwindaji. Walirudi tena siku ya pili, na ya tatu. Kisha wakaacha kuja mbio. Wakaja taratibu, wakanawa mikono, wakala.

"Dada Hester," Obadiah alimwambia siku moja, kijiko kikiwa mdomoni. Alikuwa jirani yake, mkata mahindi mwenye mabega mapana na ulimi usiopumzika. "Unatuita kula au unatuita kufufuka? Maana leo nimemwona marehemu bibi yangu ameketi kaburini anatafuta viatu."

"Kula unyamaze, Obadiah."

"Nakula. Nyamaza ndiyo sijui inapikwaje."

Wote wakacheka. Hester naye alicheka kidogo. Hakuna aliyethubutu kumwambia aache, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na mtu wake kule kusini, na kila mmoja alikuwa na namna yake ya kumwita.

Majira ya maua alifika Dorcas. Alikuwa msichana mrefu, mkimya, nyayo zimepasuka, ametoroka kutoka shamba la Worrell, ng'ambo ya mpaka. Isham naye alikuwa ametoroka shamba hilohilo miaka mingi nyuma, na Dorcas ndiye aliyeleta habari kwamba amerudishwa kule. "Yu hai," alisema. "Wanamfunga mnyororo akilala. Hazungumzi na mtu." Hester alimlaza msichana yule darini, chini ya dirisha lenyewe, akampa blanketi la Isham. Usiku alimsikia akigeuka, na alijua ni Dorcas. Hata hivyo aliinua kichwa kila mara.

Walikuja mwezi wa Septemba, siku ya kukata mahindi, jua likiwa karibu kusimama utosini.

Hester alikuwa amekwisha panda darini, mkono wake u juu ya parapanda, alipoona gari la farasi likisimama kwenye ua. Wanaume wanne walishuka. Wa tano alibaki ameketi nyuma ya gari, kofia imemfunika mpaka puani, mikono mapajani. Hester hakungoja kuona zaidi. Aliufunga mlango wa sakafuni ulioziba ngazi, na yeye na Dorcas wakasukuma kasha zito la nguo likakaa juu yake. Chini, mlango wa nyumba ulivunjwa kwa teke. Dorcas alichukua panga la kukatia mahindi, akasimama juu ya kasha kama mtu aliyesimama juu ya kaburi lake mwenyewe.

"Hester Tolliver!" sauti ilipanda kupitia mbao. "Mimi ni askari wa mahakama. Nina hati ya kumkamata mtumwa aitwaye Dorcas, mali ya familia ya Worrell. Kwa sheria mpya ya nchi hii, kila raia anaamriwa kunisaidia."

"Raia?" Hester alijibu. "Leo nimekuwa raia? Jana nilikuwa nini machoni penu?"

Mtu mmoja alicheka kule chini. Kisha vikasikika viatu vinatoka nje, na sauti nyingine, ya kijana, laini, ikaja kutoka uani.

"Shangazi! Njoo dirishani tuongee kama watu."

Hester alichungulia. Alikuwa Thaddeus Worrell, mtoto wa mwenye shamba, koti la kijivu, glavu mkononi ingawa kulikuwa na joto la kuchoma.

"Baba yako na mimi hatukunyonya ziwa moja," Hester alisema. "Shangazi zako katafute Maryland."

"Basi, dada."

"Umekosea tena."

Kijana akatabasamu. "Naiona parapanda mkononi mwako. Puliza, usinionee haya. Unajua kwa nini tumekuja saa hii? Kule kwenye kilabu cha pombe watu wako wanasimulia habari zako. Kuna mwanamke juu ya kilima, wanasema, adhuhuri ikifika anapuliza kama anayezika dunia nzima, wala hakuna anayekuja ila kwa njaa. Puliza, mama. Puliza mpaka mapafu yachanike. Bonde zima litanawa mikono."

Mkono wa Hester ulishuka. Alihisi bati limekuwa baridi kama lile shoka la siku ile. Kijana yule alikuwa amesema kweli. Yeye mwenyewe ndiye aliyeichosha ile sauti, adhuhuri baada ya adhuhuri, akimwita mtu mmoja kwa kitu kilichokuwa cha wote.

"Puliza, Shangazi," Dorcas alinong'ona nyuma yake. "Puliza tu. Pengine mmoja atajua."

Worrell aliendelea, bila haraka. "Lakini mimi sikuja kubomoa dari, nikatwe mguu na msichana mwenye panga. Nimekuja na biashara. Yule kwenye gari unamjua?"

Hester alitazama. Mtu yule alikuwa ameinamisha kichwa. Bega la kulia lilikaa chini kuliko la kushoto, kama la mtu aliyebeba magogo maisha yake yote. Lakini ni wangapi waliobeba magogo nchi ile?

"Mwambie avue kofia."

"Atavua mkiwa naye humo ndani."

"Mwambie aseme neno."

"Ana kitambaa mdomoni. Unadhani nitamleta mkata kuni mwenye sauti ile mpaka huku nimwache wazi? Mnifungulie mlango wa sakafuni, nimchukue wangu, umchukue wako. Nitakuandikia na karatasi ya uhuru wake hapohapo juu ya goti langu. Usipulize chochote, usipige kelele, na sisi tutakuwa tumeondoka kabla maharage hayajapoa. Fikiri. Mimi nina subira."

Mtu wa garini alitikisa kichwa. Mara moja, kushoto na kulia. Au alikuwa anafukuza nzi; nzi walikuwa wengi siku ile, farasi nao walikuwa wakitikisa vichwa vyao.

"Nipe muda," Hester alisema, akafunga dirisha.

Ndani mlikuwa na joto na harufu ya vitunguu vilivyoning'inizwa. Hester aliketi sakafuni, parapanda mapajani. Mstari wa jua uliopenya kwenye ufa wa ukuta ulikuwa umekaribia msumari aliojiwekea alama, msumari wa adhuhuri. Katika miezi yote ile hakuwahi kuuacha mstari ule upite msumari bila kupuliza. Hata alipokuwa na homa alipuliza akiwa ameshikilia dirisha.

"Puliza," Dorcas alisema.

"Nyamaza."

"Shangazi."

"Nimesema nyamaza, mtoto. Nikipuliza, ni chakula. Wote watajua ni chakula." Alisema kwa sauti ya chini sana. "Nisipopuliza..."

 Mstari wa jua uliugusa msumari, ukauacha. Kule mashambani watu wangekuwa wameinua vichwa sasa. Wangetazama kilimani. Obadiah angesema neno la mzaha, wangecheka, wangekata bua moja zaidi, wangeinua vichwa tena. Hester aliyaona haya yote waziwazi. Aliona pia kitu kingine, waziwazi vilevile: Isham ameketi mezani chini, mgongo kwenye moto, anamega mkate wa mahindi kwa vidole vyake vinene. Na kwa ajili ya hilo nalo ilimbidi anyamaze. Alichotakiwa kufanya kwa ajili ya msichana na alichotakiwa kufanya kwa ajili ya mume kilikuwa kitu kimoja, kuketi kimya na parapanda mapajani. Akaketi. Hakuna aliyeweza kumwona akichagua, hata yeye mwenyewe.

 Kwa mara ya kwanza tangu majira ya baridi alisikia bonde bila sauti yake mwenyewe ndani yake. Hakukuwa na jibu kutoka msituni. Hakukuwa na chochote kule, na alijua kwamba hakukuwahi kuwa na chochote.

"Muda umekwisha, mama!" Worrell aliita. Chini, askari alianza kupiga mbao za dari kwa kitako cha bunduki.

Hester alisimama. Aliweka parapanda chini. Alikwenda kwenye kasha, akaweka viganja vyake viwili ubavuni mwake.

Dorcas aliruka chini kutoka juu ya kasha. "Unafanya nini?"

Hester alisukuma. Kasha lilisogea, inchi moja, likikwaruza sakafu. Dorcas aliinua panga, na safari hii halikuelekea mlango wa sakafuni.

Ndipo ikasikika sauti ya Obadiah uani, kubwa, ya mtu aliyezoea kujisikiliza.

"Nani amekufa humu? Maana tumbo langu limesema Hester amekufa, na tumbo langu halijawahi kunidanganya!"

Hester alilifikia dirisha kwa hatua moja. Walikuwa wanapanda kilima kutoka pande zote, wanaume na wanawake, mapanga ya mahindi mikononi, majani makavu yamewanasa nywele. Hawakuwa wanakimbia. Walitembea kama watu wanaokwenda matangani, na hilo lilitisha kuliko mbio. Nyuma yao, juu ya punda, alikuwa Enos Pyle mwenye kinu cha unga, mzungu mzee mwenye kofia pana, asiyebeba silaha maisha yake yote kwa sababu ya dini yake.

Askari alitoka nje mbio. Alimwona Pyle, uso wake ukapata matumaini. "Wewe! Kwa jina la sheria, nakuamuru unisaidie kuwatawanya hawa!"

"Mimi nimekuja kuuliza kwa nini watu hawa hawajala," Pyle alisema.

"Ukikataa utafungwa. Sheria ya nchi..."

"Nchi ipi, rafiki yangu? Yako au yangu? Maana naona ni mbili."

"Bwana Worrell," askari alisema, akigeuka, rangi imemtoka, "turudi. Leo si siku yake."

"Sirudi bila mali yangu," kijana alisema. Sauti laini ilikuwa imekwisha. Alichomoa bastola. "Baba yangu aliwalisha watu hawa. Tuliwavisha. Mtu yeyote akisogea..."

Obadiah alisogea. Haikujulikana kama alikusudia au mguu tu ulimtangulia. Bastola ililia, sikio la Obadiah likapasuka, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kusimulia vizuri. Hester aliona majani makavu yakiruka, panga likipanda na kushuka, koti la kijivu likienda chini katikati ya miguu mingi. Aliona askari akikimbilia kwenye mahindi. Aliona mmoja wa wanaume waliokuja na Worrell akirukia gari na kuwachapa farasi.

Hapo alilisukuma kasha kwa nguvu asizojua alikuwa nazo, akaufungua mlango wa sakafuni, akashuka ngazi, akapita katikati ya ua bila kutazama kilichokuwa kimelala pale. Alikimbia nyuma ya gari. Vumbi lilimjaa kinywani. Kwenye kona ya kijito gari liliinama upande, kofia ikaruka, na mtu aliyekuwa nyuma akageuza uso, kwa muda wa kupepesa macho. Kisha miti ikamficha.

Alirudi akitembea. Obadiah alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango, kitambaa chenye damu kichwani.

"Njaa ndiyo iliyotuleta, Dada Hester," alisema. "Ulivyokuwa kimya, nikasema, huyu mwanamke hajawahi kukosa. Hata wafu wanamtegemea." Alijaribu kucheka. "Ulifikiri vipi jambo kama hilo? Mimi nisingelifikiri."

Hester alimtazama Thaddeus Worrell, aliyekuwa amelala chali, glavu bado mkononi. Mtu fulani alikuwa amemfunika uso kwa kofia ya Isham, au ya mtu yule, waliyoiokota njiani. 

Habari ile ilikwenda mbali kuliko miguu yao. Kusini magazeti yaliandika kwamba mwana wa heshima amechinjwa kama nguruwe, na kwamba kama kaskazini haiwezi kutii sheria basi ndoa ya majimbo haya imekwisha. Kaskazini watu walikusanyika makanisani, wakapiga makofi, na wachungaji waliokuwa wakihubiri subira wakaanza kuhubiri upanga. Wanaume walikamatwa wakashtakiwa kuasi taifa, wakaachiliwa, na kuachiliwa kwao kukawachoma wengine kuliko kushtakiwa kwao. Kila upande ulihesabu maiti mmoja na kuapa hatakuwa wa mwisho. Na kila mahali palisimuliwa habari za mwanamke mwenye busara aliyewaita watu wake kwa kunyamaza.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ile ya kwanza, yeye na Dorcas walikuwa wamelala chini ya magunia ya unga ndani ya gari la Enos Pyle, wakienda kaskazini, mzee akiwaongoza farasi bila kugeuka. Unga uliwaingia puani. Kati yao, juu ya mbao, Dorcas alikuwa ameweka lile panga. Mkono wake haukuwa umeuachia mpini tangu mchana.

Walikwenda mwendo mrefu.

"Ulisimama ghafla ulipokuwa unalikimbiza gari," Dorcas alisema mwishowe. "Mimi niliona kutoka dirishani. Ulimwona uso?"

"Nilimwona."

"Alikuwa yeye?"

Gari liligonga jiwe, magunia yakawashukia. Hester aliyasukuma, akaweka sawa la upande wa msichana, lisimlemee kifuani.

"Alikuwa yeye," alisema.

 Hester alingoja Dorcas alie, au amtukane, au amshukuru. Chochote kati ya hivyo angeweza kukibeba.

"Kwa hiyo ulikuwa na sababu ya kulisukuma kasha," msichana alisema. "Sababu nzuri. Mtu yeyote angekuwa nayo." Alijivuta mpaka ubavu wa gari, mbali kadiri nafasi ilivyoruhusu, panga likabaki katikati. "Ndiyo inayonitisha. Lala wewe kwanza, Shangazi. Mimi sitalala."